Mama Akitaka Kunywa Chai, Akae Wapi?

Hebu tuulizane. Ni lini mara ya mwisho uliketi kitini, mtu mwingine akakuletea chai ya moto na kitafunwa, ukanywa mpaka ukamaliza bila kuinuka? Sisi tulipoulizana swali hili katika jumuiya yetu hapa Mbinga, mmoja alijibu, "Kwenye arusi ya mdogo wangu." Wenzake wakamcheka. Arusini na msibani ni sisi tunaopika. Chai yenyewe tunainywa tumesimama jikoni, kikombe kikiwa juu ya jiwe.

Lakini swali hilo hatukulianzisha kwa mzaha. Lilitokana na jambo lililotupata mwaka jana, mwezi wa Juni.

Sisi ni kikundi cha akina mama watano tunaowatembelea wagonjwa kila Alhamisi. Wawili wetu ni wauguzi, hivyo tunaijua wodi kama tunavyoyajua majiko yetu. Siku hiyo tulikuwa katika hospitali moja ya huku kwetu, katika wodi ya watoto. Baridi ya Juni mnaijua ninyi mnaokaa milimani. Kulikuwa na mama mmoja kijana aliyepanda kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa na mtoto wa miezi saba mwenye nimonia. Ilikuwa siku yake ya kumi pale. Tulipomsalimia aliinuka kutuamkia, na hapo hapo akaanguka.

Tukamlaza, tukampima. Hakuwa na malaria. Presha ilikuwa chini. Tulipomuuliza alikula nini, alinyamaza kwanza, kisha akasema alikula jana mchana, nusu ya kiporo alichogawiwa na jirani wa kitanda. Tukadhani hana fedha. Akafungua pindo la khanga yake: shilingi elfu nne na mia tano.

"Sasa mbona hukwenda kununua chai, mwanangu?"

"Mama, pale hotelini wamejaa wanaume. Nikiingia nitakaa wapi? Na mtoto nimwache na nani?"

Mama anayenyonyesha anahitaji chakula kingi kuliko hata alipokuwa mjamzito, na huyu maziwa yalikuwa yameanza kupungua huku mtoto wake akipigania kupumua. Fedha alikuwa nayo. Chai na maandazi vilikuwa umbali wa kutupa jiwe. Kilichokosekana ni benchi ambalo mwanamke wa kijijini, peke yake, mwenye mtoto mgongoni, angeweza kulikalia bila kutazamwa toka kichwani mpaka miguuni. Na sisi tuliokuwa tukipita kila Alhamisi na kumwambia "jitahidi kula" hatukuwahi kumuuliza anakula wapi.

Basi tukaamua kutafuta. Kila tulipopata nafasi, tulizunguka mjini Mbinga, kisha tukateremka mpaka ziwani, tukiingia kila mahali panapouzwa chai na vitafunwa. Kila mtu alijilipia. Tulitaka kujua ni wapi mama anaweza kukaa.

MKAHAWA USIO NA KAHAWA

Tulianzia stendi, kwa kuwa ndipo wageni wanapoteremkia. Hoteli za pale hazina ubaya. Chai inachemka kweli kweli na supu ipo. Lakini redio iko juu, televisheni iko juu zaidi, na meza ya pekee iliyokuwa tupu ilikuwa mlangoni, ambako kila apitaye anakuona. Tuliketi watano pamoja na bado tuliona haya. Je, yule mama angeketi peke yake?

Kuna jambo lilituchekesha. Neno mkahawa, au mgahawa kama wengi tutamkavyo, limetokana na kahawa. Na huku kwetu ndiko kwenye kahawa! Mteremko mzima wa milima ya Wamatengo umejaa mibuni ya arabika; toka Juni hata Septemba akina mama wanachuma, wanakoboa maganda mekundu, wanalowesha, wanaosha na kuanika. Kisha kahawa inakwenda kiwandani kukobolewa, inauzwa, inavuka bahari. Tulipoagiza kahawa katika hoteli tatu za kwanza tuliletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga iliyosindikwa Bukoba, upande wa pili wa nchi. Mwenye hoteli alishangaa kwa nini tunacheka. "Kahawa ni ya kuuza, mama," alisema. "Ya kunywa ni chai."

Hakukosea. Wengi wetu tumekua hivyo. Tumebeba kahawa kichwani tangu utoto, na ladha yake hatuijui. Mmoja wetu tu ndiye aliyekumbuka bibi yake akikaanga buni chache kwenye chungu, akizitwanga kwenye kinu na kuzichemsha na tangawizi anapokuja mgeni mkubwa. Na hata hapo, mgeni mkubwa alikuwa mwanaume.

NYUMA YA SOKO

Mahali pa kwanza palipotupendeza hatukupaona sisi. Tulionyeshwa na mwanamke auzaye maharage. "Ninyi mnatafuta kwa macho," alisema. "Fuateni harufu."

Nyuma ya soko, katika banda la mbao lenye pazia la khanga, yuko mama mmoja mjane anayeuza chai tangu alfajiri. Ana mabenchi mawili tu. Moja limeelekea ukutani, na hilo ndilo la akina mama: ukilikalia umewapa mgongo wapita njia, unaweza kunyonyesha kwa raha yako. Hakuandika popote kwamba ni la wanawake. Mwanaume akilikalia, humwambia kwa upole, "Baba, hamia huku kwenye mwanga." Mlangoni kuna ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni kilichotobolewa na kufungwa kamba kisiibiwe. Chai yake ina mchaichai. Siku ile tuliinywa kwa shilingi mia tatu, na andazi kwa mia mbili.

Tulikaa pale saa nzima. Aliingia mama mwenye mtoto kutoka kliniki, akaingia binti wa shule aliyekosa gari, akaingia bibi mmoja aliyekuja mjini kufuata fedha ya kahawa. Huyo bibi hakuagiza kitu. Alipewa maji ya moto, akatoa kiazi chake kwenye mfuko akala. Mwenye banda hakumtazama mara mbili.

Tulimwuliza siri ya maandazi yake, kwa maana yanaumuka vizuri ajabu. Wenzetu wa nchi za joto hawajui taabu ya unga katika baridi hii. Ukikanda usiku na kuliacha beseni mezani, asubuhi unakuta donge lilivyokuwa jana. Yeye anakanda saa mbili usiku kwa maji ya uvuguvugu na hamira kidogo, anafunika beseni kwa kitambaa safi, halafu analizungushia blanketi kuukuu na kuliweka karibu na mafiga yenye majivu ya moto. Saa kumi na moja alfajiri anaanza kukata. "Nalilaza kama mtoto," alisema.

Hapa tuseme neno moja la kiuguzi. Tuliingia mahali pengine penye maandazi mazuri, tukaona mafuta ya karai yamekuwa meusi, yanatoa povu na kunuka. Mafuta yaliyofika hapo ni ya kumwaga. Yakiongezewa mapya juu kila siku hayawi mapya. Na mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu asivimeze na chai. Chai, na kahawa vilevile, huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Vimeze kwa maji, na chai isubiri hata saa moja au mbili zipite.

KUTEREMKA ZIWANI

Toka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilometa zipatazo 66, na siku hizi ni lami. Waliosafiri zamani wanakumbuka magari yakilala njiani wakati wa mvua. Sasa unatoka kwenye baridi ukiwa umejifunga khanga mbili, na kabla hujamaliza kusali rozari unaanza kuvua moja. Milima inafunguka, na ziwa linaonekana chini kama anga lililolazwa. Maji yake yako mita 474 hivi kutoka usawa wa bahari, huku sisi wa Mbinga tukikaa juu zaidi ya mita 1,000. Huko ni Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012.

Mambo ya chai huko ni mengine kabisa. Pwani ya ziwa hakuna haja ya banda. Chini ya mwembe, karibu na mahali mitumbwi inapopakua dagaa, akina mama wamepanga mafiga yao. Unga wa mchele unapatikana kwa kuwa mpunga unalimwa huko huko, hivyo vitumbua ni vingi na vitamu. Unakula kitumbua kwa mkono mmoja na dagaa waliokaangwa kwa mkono wa pili. Sisi watu wa milimani tuliona ajabu mwanzoni, halafu tukaongeza sahani.

Mmoja wetu akasema, "Hivi ndivyo walivyokula mitume." Akatukumbusha ile habari ya mwisho wa Injili ya Yohane, Bwana akiwa ufuoni asubuhi, amewasha moto wa makaa, na juu yake samaki, na mkate. Tumeisikia mara nyingi kanisani. Tukiwa pale, moshi ukituingia machoni, tuliona jambo ambalo hatukuwahi kuliona: kwamba aliyefufuka katika wafu ndiye aliyepika. Waliochoka walifika wakakuta chakula kiko tayari.

Tuliendelea hadi Liuli, mji wa misheni ya Waanglikana yenye hospitali ya siku nyingi. Wajerumani waliuita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe kubwa la ufuoni lililofanana na sanamu ya Misri, na Agosti 1914 Waingereza waliishambulia meli ya Wajerumani pale pale, mapema sana katika Vita Kuu ya Kwanza. Watoto wanaoogelea karibu na jiwe hilo hawana habari na vita yoyote.

Njiani tulionyeshwa bibi mmoja anayeoka skonzi. Tanuri lake ni pipa la chuma lililokatwa na kulazwa, ndani limewekwa mchanga, makaa chini na makaa juu ya bati la kufunikia. Mchanga ndio unaoshika joto na kulisambaza sawasawa, skonzi zisiungue chini zikabaki mbichi katikati. Hana saa. Anatupa chembe za unga juu ya sinia: zikigeuka hudhurungi wakati anahesabu polepole hadi ishirini, tanuri liko tayari; zikiungua mara moja, anapunguza makaa. Joto la ziwani linamtaabisha kinyume cha sisi: donge linaumuka upesi mno, na ukichelewa linachacha.

Alituketisha kwenye mkeka. Tulipomweleza habari za yule mama aliyeanguka wodini, alitikisa kichwa. "Huku kwetu," alisema, "mwanamke akionekana hotelini peke yake, habari inafika nyumbani kabla yake." Yeye mwenyewe alipoanza kuoka miaka mingi iliyopita, mumewe alimwuliza anataka kuwakusanya wanaume wa watu kwa skonzi. Ikapita miezi mitatu hawaelewani. Kilichomgeuza mumewe ni sare ya shule ya mtoto wao, iliyonunuliwa na skonzi. Hata hivyo hakuwahi kumwomba radhi. "Alianza tu kunichanjia kuni," alisema bibi, akacheka peke yake.

MANENO YA WATU

Tusidhani jambo hili ni letu tu. Katika jiji la London karne ya 19, nyumba za kahawa na vilabu vilikuwa vya wanaume, na mama mwenye heshima zake aliyekwenda mjini kununua vitu hakuwa na mahali pa kupumzika bila kusindikizwa. Mwaka 1864 kampuni ya kuoka mikate iitwayo Aerated Bread Company ilifungua chumba cha chai ambacho mwanamke aliweza kuingia peke yake. Vyumba vya namna hiyo viliongezeka, na baadaye wanawake waliodai haki ya kupiga kura walikutana humo kupanga mambo yao. Basi na huko ilibidi mtu aanze na chai.

Na huko, bila shaka, watu walisema. Hata sisi tulisemwa. Kabla ya mwezi kwisha tulisikia kwamba "wale akina mama wa Alhamisi" siku hizi wanazurura mahotelini. Mume wa mwenzetu mmoja alimkataza asifuatane nasi. Wengine tulitaka kumwendea yule baba kwa maneno makali, lakini mwenzetu alituomba tusiende. Badala yake alimwalika mumewe siku moja waende pamoja nyuma ya soko, wakaketi benchi lile la kwenye mwanga. Alikunywa vikombe viwili. Ruhusa hakuitoa kwa maneno mpaka leo, ila Alhamisi hamwulizi anakwenda wapi.

Pamoja na hayo tuseme ukweli: si kila mume anayeuliza ana nia mbaya. Mahali pengine panapoandikwa mgahawa, mchana ni chai na jioni ni pombe, na tuliingia pawili pa namna hiyo bila kujua. Tulitoka haraka. Mama atazame mapema: kama chupa tupu zimepangwa nyuma ya mlango na mabinti wahudumu wanaitwa kwa miluzi, chai ya hapo hata ikiwa nzuri, aiache.

TANURI LETU

Tuliporudi tulikwenda kwa mama lishe mmoja aliye karibu na ile hospitali. Hatukumpa fedha, kwa kuwa hatukuwa nazo. Tulimwomba ageuze benchi moja lielekee ukutani, atundike pazia, aweke maji ya kunawa na sabuni. Nasi tukamwahidi kwamba wauguzi wenzetu watawaambia akina mama wenye wagonjwa: nenda pale, utakaa, mtoto tutamwangalia kwa zamu robo saa. Maji ya kunywa tulimsisitizia yachemshwe na yafunikwe. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea karibu mikoa yote, na mahali pa kulia pasipo sabuni ni mlango wake mkubwa.

Halafu tukasema tuoke mikate wenyewe, tumpelekee kila Alhamisi. Ah! Tulikata pipa, tukamwaga mchanga, tukaona sisi ni waokaji. Mara ya kwanza iliungua. Mara ya pili iliiva nje, ndani ikawa ugali. Mara ya tatu mvua ilizima makaa ya juu. Tulipoteza shilingi elfu kumi na nane za unga, sukari na hamira, na mwenzetu anayetunza daftari hakuficha uso wake. Mara ya nne tulifuata ile hesabu ya bibi ya kutupa chembe za unga, na ile blanketi ya mjane wa sokoni. Ikatoka. Haikuwa mizuri ya kupigwa picha, lakini iliisha yote kabla ya saa nne asubuhi.

Wanaotaka kuanza jambo kama hili kwa kikundi wajue kwamba sheria iliyowekwa mwaka 2018 inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo asilimia 4 ni za wanawake. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Afisa maendeleo ya jamii ndiye wa kumwona. Kikundi kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba na akaunti ya benki. Sisi bado tunabishana juu ya katiba. Kuna wanaoogopa deni, na hatuwezi kuwalaumu, maana tumeona masufuria ya watu yakichukuliwa kwa ajili ya mikopo ya mitaani.

Mtoto wa yule mama alipona. Walirudi ziwani Julai, yeye akiwa amekalia lile benchi siku tisa za mwisho, asubuhi na jioni. Mwezi wa Septemba kondakta wa gari alituletea mfuko wa dagaa wakavu, umefungwa kwa kamba ya neti, na ujumbe wa mdomo. Alisema anatusalimu, mtoto ameota meno mawili, na ameanza kuuza maandazi pale mitumbwi inapotia nanga, ila donge lake linachacha kabla ya alfajiri, afanyeje?

Tulimjibu kwa kondakta yule yule: asikande usiku kama sisi wa baridini. Aamke saa tisa, atumie maji ya mtungi, na hamira apunguze iwe nusu.